Mdahalo shuleni: Namna ya kuwafunza wanafunzi kushindana kwa hoja bila kuvunjiana heshima

MDAHALO ni mazungumzo rasmi ambapo pande mbili hushindana kwa hoja kuhusu mada iliyotangazwa mapema, upande mmoja ukiunga mkono na wa pili ukipinga, chini ya uongozi wa mwenyekiti na kwa muda uliopimwa. Katika shule nyingi za upili nchini Kenya, shughuli hii huandaliwa na chama cha Kiswahili au chama cha midahalo, aghalabu alasiri baada ya vipindi vya darasani.

Wapo wanaouchukulia mdahalo kuwa burudani ya kupitisha wakati. Dhana hiyo ni potovu. Mdahalo ukiendeshwa ipasavyo humfunza mwanafunzi mambo manne kwa mpigo: kutafiti, kupanga mawazo, kusema kwa ufasaha na, lililo gumu kuliko yote, kumsikiliza mtu asiyekubaliana naye. Ukiendeshwa vibaya, humfunza kinyume: kwamba mwenye sauti kubwa ndiye mwenye haki, na kwamba kumcheka mwenzako ni sawa na kumjibu.

Makala haya yanaeleza maana ya mdahalo, chimbuko lake katika jadi yetu, majukumu ya washiriki, namna ya kuunda hoja na kanuni za lugha ya heshima. Pia yanapendekeza jinsi mwalimu anavyoweza kutuza alama ili heshima isibaki kuwa nasaha tu.

Mdahalo, mjadala na mabishano

Maneno haya matatu hutumiwa kana kwamba yana maana moja, ilhali yanatofautiana.

Mjadala ni mazungumzo mapana kuhusu suala fulani. Huweza kuwa na pande nyingi, na si lazima mshindi atangazwe. Wanakijiji wanaojadiliana kuhusu mahali pa kuchimba kisima wamo katika mjadala.

Mdahalo una pande mbili, kanuni, muda na uamuzi. Msemaji hutetea upande aliopewa, hata kama moyoni anaamini vingine. Hili huwatatiza wanagenzi wengi, nao huuliza: “Nitateteaje nisiloliamini?” Jibu ni kwamba anajifunza kuiona hoja kutoka upande wa pili, na atakayeiona vizuri hatakuwa mwepesi wa kumdharau anayeiamini kwa dhati.

Mabishano hayana mwenyekiti wala mwisho. Kila mmoja husema ili amshinde mwenziwe, na mara nyingi mazungumzo huhama kutoka kwa suala hadi kwa mtu. Kazi ya mwalimu ni kuhakikisha kwamba mdahalo hauteremki na kuwa mabishano.

Malumbano katika jadi yetu

Kushindana kwa maneno yaliyopimwa si jambo lililoletwa na shule za kizungu. Katika fasihi simulizi, malumbano ya utani ni utanzu unaojitegemea: watani huchokozana na kujibizana mbele ya hadhira, lakini kila mmoja anaujua mpaka ambao hapaswi kuuvuka.

Katika upwa wa Afrika Mashariki, washairi walijibizana kwa beti. Mfano mashuhuri ni wa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi takriban kati ya mwaka wa 1776 na 1840. Wakati wa uhasama baina ya Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, yeye na washairi wa Lamu, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi, walitumiana mashairi ya kutambiana na kuonyana. Sehemu ya kazi za Muyaka ilihifadhiwa katika diwani iliyochapishwa mwaka wa 1940. Utamaduni huo haujakoma. Wapenzi wa mashairi wameyaona malumbano ya aina hiyo katika kurasa za ushairi za magazeti ya Kiswahili kwa miaka mingi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mshairi anayejibu kwa kawaida hutakiwa kwanza awe amelielewa shairi la mwenziwe. Hulijibu neno kwa neno, na aghalabu huzingatia bahari na vina vilevile. Asiyefanya hivyo huonekana kuwa amekimbia swali. Kanuni hii ndiyo msingi wa mdahalo mzuri: jibu lililosemwa, si ulilotamani lisemwe.

Kwa nini somo hili lina uzito

Wakenya wanaijua gharama ya maneno yasiyochungwa. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwaua zaidi ya watu 1,100 na kuwafurusha mamia ya maelfu kutoka makwao. Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa mwaka wa 2008, ambayo ilifanya matamshi ya chuki ya kikabila kuwa hatia na kuunda tume ya kushughulikia uwiano, NCIC.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliendeleza mkondo huo. Kifungu cha 33 kinampa kila mtu uhuru wa kujieleza, lakini papo hapo kinasema kwamba uhuru huo hauhusishi propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki, na kwamba anayeutumia sharti aheshimu haki na sifa za wengine. Mwanafunzi anayefunzwa mdahalo anafunzwa kifungu hicho kwa vitendo.

Ndani ya shule zenyewe, gharama imekuwa kubwa vilevile. Mnamo Machi 2001, wavulana 67 waliangamia katika moto ulioteketeza bweni la Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, kisa kilichohusishwa na uchomaji wa makusudi. Katika mwaka wa 2008 na tena 2016, wimbi la migomo na uteketezaji wa mabweni lilizikumba shule nyingi. Haitakuwa sahihi kudai kwamba mdahalo pekee ungezuia maafa hayo, kwani vyanzo vyake ni vingi. Hata hivyo, mwanafunzi asiye na jukwaa la kusema “hatukubaliani na jambo hili, na sababu zetu ni hizi” hubaki na njia chache za kueleza kero yake. Ndiyo maana kuanzia mwaka wa 2009 serikali ilihimiza kuundwa kwa mabaraza ya wanafunzi yanayochaguliwa na wanafunzi wenyewe. Baraza ambalo wajumbe wake hawajui kujenga hoja haliwezi kuwasaidia waliolichagua.

Katika uwanja wa kitaifa, Wakenya walishuhudia mdahalo wa kwanza wa wawaniaji urais mnamo Februari 11, 2013, jijini Nairobi, ambapo wagombeaji wote wanane walisimama jukwaani pamoja. Mwaka wa 2017, Raila Odinga alijipata peke yake jukwaani baada ya Rais Uhuru Kenyatta kukosa kufika. Mwaka wa 2022 ilikuwa zamu ya William Ruto kujibu maswali bila mpinzani, kwa sababu Bw Odinga alikataa kushiriki. Mdahalo huhitaji watu wawili walio tayari kuulizwa. Utamaduni huo haujengwi wakati wa kampeni. Hujengwa mapema, mtu angali mwanafunzi.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka wa 2019, unataja mawasiliano na ushirikiano, fikra tunduizi na uraia miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Ni vigumu kutaja shughuli nyingine ya darasani inayoyagusa yote matatu kwa saa moja kama mdahalo ufanyavyo.

Washiriki na majukumu yao

Mdahalo wa kawaida shuleni huwa na washiriki wafuatao:

Mwenyekiti. Hufungua kikao, husoma mada, huwaita wasemaji kwa zamu na kudumisha nidhamu. Hapaswi kuonyesha anaegemea upande gani.

Katibu. Hunakili hoja kuu za kila upande na kuzisoma mwishoni. Kazi hii hupuuzwa, ilhali katibu mzuri huwafanya wasemaji wawe waangalifu, kwani wanajua kwamba maneno yao yanaandikwa.

Mtunza wakati. Huashiria dakika zinapokaribia kwisha na zinapokwisha.

Wapendekezaji. Huunga mkono mada. Mpendekezaji mkuu hufafanua maneno muhimu yaliyo katika mada na kuweka mipaka ya mdahalo.

Wapinzani. Hupinga mada. Mpinzani mkuu huweza kukubali au kukosoa ufafanuzi uliotolewa, kisha akaonyesha kwa nini upande wake hauikubali mada.

Waamuzi. Hutuza alama na kutoa sababu za uamuzi wao.

Hadhira. Husikiliza, huuliza maswali na, katika shule nyingine, hupiga kura.

Mifumo ya kimataifa hutofautiana kidogo. Katika mfumo wa mashindano ya dunia ya shule za upili, yaliyoanzishwa mwaka wa 1988, kila timu huwa na wasemaji watatu wanaozungumza kwa dakika nane kila mmoja, kisha kila upande hupewa hotuba fupi ya dakika nne ya kuhitimisha. Katika mfumo wa Bunge la Uingereza, unaotumika sana vyuoni, huwa kuna timu nne za watu wawili wawili, mbili kila upande. Kwa darasa la kawaida lenye wanafunzi 45 au zaidi, wasemaji watatu kila upande kwa dakika nne nne wanatosha, ili hadhira nayo ipate muda wa kuuliza maswali.

Kuchagua mada

Mada mbovu huzaa mdahalo mbovu. Mwalimu azingatie mambo matatu.

Kwanza, mada iwe na pande mbili zenye uzito. “Elimu ni muhimu” si mada ya mdahalo, kwa kuwa upande wa upinzani hauna la kusema ila mzaha.

Pili, mada ihusu jambo wala si watu. Mada kama vile “Wavulana ni werevu kuliko wasichana”, ambazo zimezoeleka mno shuleni, humweka nusu ya darasa kizimbani kwa sababu ya maumbile yake. Hakuna lugha ya adabu inayoweza kuitakasa mada ya namna hiyo. Vivyo hivyo kwa mada zinazolinganisha makabila au dini.

Tatu, mada iweze kutafitiwa. Wanafunzi wapewe angalau juma moja, na waelekezwe kwa magazeti, maktaba, vitabu vya kiada na watu wenye tajriba.

Hebu tuchukue mfano. Mnamo Novemba 2022, Wizara ya Elimu ilitangaza nia ya kuondoa masomo ya bweni kwa wanafunzi wa kuanzia gredi ya kwanza hadi ya tisa, na tangazo hilo lilizua hisia kali miongoni mwa wazazi na wenye shule. Mada ya “Shule za bweni za msingi zifutiliwe mbali” inatimiza masharti yote matatu. Ina pande mbili, inahusu sera, na ina ushahidi wa kutosha.

Kuunda hoja

Hoja kamili ina viungo vinne: dai, sababu, ushahidi na uhusiano wake na mada. Wanagenzi wengi hutoa dai pekee, wakalirudia mara tatu kwa sauti inayopanda, wakadhani wametoa hoja tatu.

Kwa kutumia mada iliyotajwa, mpendekezaji anaweza kusema hivi:

“Mheshimiwa mwenyekiti, dai letu la kwanza ni kwamba bweni humweka mtoto mdogo katika hatari asiyoweza kujiepusha nayo. Sababu ni kwamba usiku watoto wengi hulala chini ya uangalizi wa watu wazima wachache. Ushahidi ni mkasa wa Septemba 2024 katika Shule ya Hillside Endarasha, Kaunti ya Nyeri, ambapo wanafunzi 21 walifariki bweni lao lilipoteketea. Iwapo mtoto huyo angelala kwao, hatari hiyo isingemfikia. Kwa hivyo twaomba mada hii iungwe mkono.”

Mpinzani anayefahamu kazi yake hatasema kwamba mwenzake anatia chumvi. Atajibu:

“Mheshimiwa mwenyekiti, upande wetu unakubali kwamba mikasa hiyo ilitokea, na tunawaombolezea waliofariki. Tunachopinga ni hitimisho. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na wizara mwaka wa 2008 unataka madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, na milango ifunguke kuelekea nje. Dawa ya mwongozo usiotekelezwa ni kuutekeleza. Isitoshe, katika maeneo ya wafugaji wanaohamahama, kufunga bweni ni kufunga shule yenyewe. Na kwa msichana anayekimbia ukeketaji au ndoa ya mapema, bweni ndilo kimbilio lake.”

Tazama alivyofanya mpinzani huyu. Amekubali kilicho kweli, ametaja hasa anachokipinga, ametoa ushahidi wake, kisha akaongeza jambo ambalo mwenzake hakuligusia. Hajamtaja mtu wala kuukejeli msiba. Hili la mwisho ni muhimu, kwa sababu huenda katika ukumbi huo yumo aliyefiwa.

Lugha ya heshima

Heshima katika mdahalo haimaanishi kulegeza hoja. Humaanisha kuishambulia hoja kwa nguvu zote huku ukimwacha mwenye hoja akiwa mzima. Mfano mzuri unapatikana katika Kanuni za Kudumu za Bunge. Mbunge huelekeza maneno yake kwa Spika, si kwa mbunge mwenziwe. Haruhusiwi kumhusisha mwenziwe na nia mbaya. Akidai jambo, aweza kutakiwa kulithibitisha, na akitumia lugha isiyokubalika huamrishwa kuiondoa kauli yake na kuomba radhi. Ni kweli kwamba wabunge wenyewe huzikiuka kanuni hizi mara kwa mara, lakini ukiukaji huo hauzifanyi kuwa mbaya.

Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi kauli za kutumia badala ya zile walizozizoea:

Badala ya “Huyo amedanganya”, mwanafunzi aseme: “Takwimu iliyotolewa na msemaji aliyetangulia inahitaji kuthibitishwa.”

Badala ya “Hoja hiyo ni ya kijinga”, aseme: “Sababu iliyotolewa haitufikishi kwenye hitimisho hilo.”

Badala ya “Hamjui mnachosema”, aseme: “Yamkini wapinzani wetu hawakuzingatia jambo hili.”

Badala ya “Nimewamaliza”, aseme: “Naomba niachie hapo ili upande wa pili ujibu.”

Wahenga walisema kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mwanafunzi aliyejikwaa ulimi afunzwe kusimama, kuiondoa kauli yake na kuendelea na hoja. Kuomba radhi kusichukuliwe kuwa kushindwa, wala hadhira isiruhusiwe kumzomea anayefanya hivyo.

Hoja ya nidhamu na hoja ya taarifa

Nyenzo hizi mbili huchanganywa sana. Hoja ya nidhamu hutolewa pale kanuni inapovunjwa: msemaji amepitisha muda, ametusi, au ameiacha mada. Huelekezwa kwa mwenyekiti, naye hutoa uamuzi papo hapo.

Hoja ya taarifa ni swali au maelezo mafupi kutoka upande wa pili, yanayotolewa wakati msemaji angali anazungumza. Anayeitaka husimama na kungoja. Msemaji ana hiari ya kuikubali au kuikataa kwa upole: “Asante, si kwa sasa.” Ikikubaliwa, isizidi sekunde 15. Mwanafunzi anayesimama kila dakika ili kumkatiza mwenziwe hatoi taarifa. Anavuruga, na mwenyekiti ana haki ya kumketisha.

Kasoro zinazojitokeza mara kwa mara

Ya kwanza ni kumshambulia mtu badala ya hoja. Msemaji hutaja alama alizopata mwenziwe katika mtihani, mahali anapotoka au anavyovaa. Kasoro hii ndiyo ya kwanza kuadhibiwa.

Ya pili ni kupotosha kauli ya mpinzani ili iwe rahisi kujibu. Aliyesema mabweni ya watoto wadogo yafungwe hakusema kwamba shule zote zifungwe.

Ya tatu ni kujumlisha kwa kutumia kisa kimoja. “Binamu yangu alisoma shule ya kutwa na leo ni daktari” ni kisa; hakithibitishi kwamba kila anayesoma shule ya kutwa atafaulu.

Ya nne ni kutumia methali kana kwamba ni ushahidi. Methali huipamba hoja na kuifanya ikumbukwe, lakini karibu kila methali ina nyingine inayoipinga. Anayesema “Haraka haraka haina baraka” atajibiwa kwamba “Ngoja ngoja huumiza matumbo”, na hakuna kitakachokuwa kimethibitishwa.

Ya tano ni maamkuzi marefu na msamiati wa kujionyesha. Kuna wasemaji wanaotumia dakika nzima kuitaja hadhira kwa sifa na kumwaga maneno magumu waliyoyakariri, na wakifika kwenye hoja muda umekwisha. Ufasaha ni kueleweka. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kazi ya mwalimu

Mwalimu hana budi kuwa kielelezo. Akiwakaripia wanafunzi kwa dhihaka darasani asubuhi, hawezi kutarajia waheshimiane ukumbini alasiri. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inapiga marufuku adhabu ya viboko na pia mateso ya kisaikolojia kwa mwanafunzi, na kudhalilishwa mbele ya wenzako ni mojawapo ya mateso hayo.

Pili, azungushe majukumu. Katika shule nyingi wasemaji huwa ni walewale watano kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na waliosalia hubaki kupiga makofi. Mwanafunzi mwenye haya aanze kwa kuwa mtunza wakati au katibu, kisha aulize swali moja kutoka kwa hadhira, na hatimaye apewe dakika mbili za kuzungumza. Mwenye kigugumizi aongezewe muda bila kutangazwa. Kiziwi apewe mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba inaitambua kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Tatu, awabadilishe upande. Baada ya juma moja, waliounga mkono wapinge na waliopinga waunge mkono. Zoezi hili huwaudhi mwanzoni, lakini ndilo linalofunza zaidi. Mwanafunzi hugundua kwamba zile hoja alizozicheka juma lililopita zina mashiko.

Nne, awape zoezi la kurejelea. Kabla ya kumjibu mwenziwe, kila msemaji aanze kwa kueleza hoja anayoijibu kwa maneno yake mwenyewe, na mwenye hoja akubali kwamba ndivyo alivyosema. Zoezi hili hupunguza kasi ya mdahalo, na hilo si hasara. Mara nyingi hudhihirika kwamba wawili waliodhani wanapingana walikuwa wakizungumzia mambo tofauti.

Kutuza alama

Wanafunzi hufuata kinachotuzwa. Mwalimu akihubiri heshima huku akimpa ushindi aliyewachekesha wengi kwa kejeli, mahubiri yake ni bure. Ufuatao ni mgao mmoja unaoweza kutumika, kwa jumla ya alama 40:

Uzito wa hoja na ushahidi: alama 12.

Kujibu hoja za upande wa pili: alama 10.

Mpangilio na matumizi ya wakati: alama 6.

Ufasaha wa lugha na matamshi: alama 6.

Adabu na usikivu: alama 6.

Fungu la mwisho lisitolewe kwa kuangalia hotuba pekee. Waamuzi wamtazame pia mwanafunzi akiwa ameketi. Je, anaandika hoja za mwenziwe, au anamkunjia uso na kunong’ona? Waamuzi waeleze uamuzi wao hadharani, wakianza na kile ambacho kila upande ulikifanya vyema.

Njia nyingine yenye manufaa ni kupiga kura mara mbili: hadhira ipige kura kuhusu mada kabla ya mdahalo na tena baadaye, na upande uliowavuta watu wengi zaidi kutoka msimamo wao wa awali utambuliwe. Hapo wasemaji huelewa kwamba lengo ni kuwashawishi wasiokubaliana nao. Hakuna aliyewahi kumshawishi mtu kwa kumtukana.

Baada ya mdahalo

Pande zote zisalimiane kwa mikono. Kisha kazi ihamie kwenye daftari. Katika insha ya mjadala, mwanafunzi huhitajika kueleza hoja za pande zote mbili kwa haki kabla ya kutoa msimamo wake, na aliyeshiriki au kusikiliza mdahalo huwa tayari ana malighafi. Akumbuke kwamba insha si hotuba. Maamkuzi na kauli kama “mheshimiwa mwenyekiti” hayana nafasi humo, isipokuwa pale swali linapotaka aandike hotuba.

Hatimaye, mwalimu awaulize wanafunzi swali hili: ni hoja gani ya upande wa pili iliyokupa taabu kuijibu? Anayeweza kuitaja amesikiliza. Asiyeweza kutaja hata moja, hata kama upande wake ulitangazwa mshindi, bado ana kazi.

Mnamo Juni 2024, vijana wengi wa Kenya waliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu na kuujadili mitandaoni kwa siku nyingi kabla na wakati wa maandamano yaliyogharimu maisha ya watu, hadi Rais Ruto akatangaza mnamo Juni 26 kwamba hangeutia sahihi. Mijadala hiyo ilidhihirisha kwamba kizazi hiki kina ari ya kuhoji. Katika mitandao hiyohiyo, matusi na uvumi pia havikukosekana. Ari hiyo ikikosa mafunzo huweza kupotelea katika kelele, na mafunzo hayo yanahitaji tu ukumbi, saa ya kupimia muda, mada nzuri na mwalimu asiyechoka kusema: “Jibu hoja, mwache mtu.”